Mfereji wa Mwenye Deni

Somo: Kumbukumbu la Torati 24:6 na 10–13

Wewe uliye jikoni ukiwapikia watoto chai, wewe uliye safarini kuelekea kazini, nawe mgonjwa uliyelala na redio kando ya kitanda chako, karibuni tukae pamoja kwa muda huu mfupi. Leo twataka kuzungumza juu ya maji. Na hasa twataka kujiuliza swali moja: mtu akishindwa kulipa bili ya maji, je, ni haki mbele za Mungu kumfungia mfereji?

Huenda mmoja wenu akasema, "Mchungaji, hayo ni mambo ya ofisi ya maji. Wewe tuhubirie Neno." Neno tutalihubiri, ndugu yetu. Lakini kwanza tuna jambo la kuungama.

Miaka michache iliyopita tulikuwa tukilitumikia kanisa moja katika mji mmoja wa hapa Kenya. Nyuma ya kanisa palikuwa na vyumba vinane vya kupangisha, mali ya kanisa. Kodi ya vyumba hivyo ilisaidia kumlipa mwinjilisti na kuwalipia karo yatima wachache. Kila chumba kilikuwa na mfereji wake na mita yake ndogo. Bili kubwa ya maji ilikuja kwa kanisa, nasi tukamdai kila mpangaji sehemu yake kulingana na mita.

Katika chumba cha mwisho alikaa nyanya mmoja, mjane, pamoja na wajukuu wanne. Mama yao alikuwa amefariki, na mdogo wao alikuwa hajatimiza mwaka. Nyanya huyu aliuza sukuma wiki sokoni, na kwa muda mrefu hakudaiwa hata senti. Kisha miguu ikaanza kumvimba, akashindwa kwenda sokoni kila siku. Akachelewa mwezi mmoja, ukawa miwili, ukawa mitatu.

Mtunza hazina wetu, mtu mwaminifu kabisa, alilileta jambo hilo mkutanoni. Alisema kweli: ofisi ya maji haingojei, na kanisa likikosa kulipa, maji ya vyumba vyote vinane yatakatwa kwa ajili ya mmoja. Tulizungumza kwa dakika chache tu, kwa sababu yalikuwapo mambo mengi siku hiyo. Tukakubaliana kwamba mfereji wa nyanya ufungwe mpaka atakapolipa. Tukatia sahihi. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema, "Ngojeni kwanza, twende tukamwone." Siku ya Alhamisi fundi akaja na spana yake, akafunga.

Jumapili ile tulikuwa na ubatizo. Wazazi walileta watoto sita, wamevikwa nguo nyeupe. Birika la ubatizo lilijazwa maji safi, nasi tukayaombea, tukawabatiza watoto kwa furaha na nyimbo. Baada ya ibada tukamwona nyanya ametungoja mlangoni. Tukadhani amekuja kulalamika, tukaanza kutafuta maneno ya kumjibu. Lakini alitusalimu kwa heshima, kisha akauliza:

"Mchungaji, yale maji yaliyobaki katika birika, huwa mwayamwaga wapi?"

Hatukumwelewa. Tukamwuliza, "Kwa nini wauliza, nyanya?"

Akasema, "Ikiwa ni ya kumwagwa tu, mwanangu, ningeomba niyachote. Huyu mdogo hajaogeshwa tangu Ijumaa. Yale ya kununua nayaweka kwa uji."

Hakusema kwa kejeli. Alikuwa akiomba maji, basi. Nasi tulisimama pale na kanzu zetu nyeupe, tukakosa neno. Tulikuwa tumesimama kanisani tukimshukuru Mungu kwa zawadi ya maji, na sahihi yetu wenyewe ilikuwa imefunga mfereji wa mtoto mchanga nyuma ya ukuta uo huo.

Usiku ule hatukulala vizuri. Tulifungua Biblia, na Roho Mtakatifu akatuongoza mpaka mahali ambapo hatukuwa tumepasoma kwa miaka mingi.

Jiwe la kusagia

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, Musa anawafundisha Waisraeli habari za deni. Angalieni vizuri, wapenzi. Torati haikatazi kukopeshana, wala haisemi kwamba mwenye deni asilipe. Inamruhusu hata yule anayedai ashike rehani, yaani kitu cha mdaiwa, mpaka deni lilipwe. Lakini inaweka mipaka mitatu.

Mpaka wa kwanza uko katika mstari wa 6. Mtu asichukue jiwe la kusagia kuwa rehani. Kwa nini? Kwa sababu siku zile kila nyumba ilisaga unga wake kila siku. Ukichukua jiwe, jioni hiyo watoto hawali. Anayefanya hivyo, asema Musa, ameushika uhai wa mtu kuwa rehani. Tulipokuwa katika chuo cha theolojia, mwalimu wetu wa Kiebrania alitueleza kwamba neno linalotumika hapo, nefeshi, lina maana ya nafsi na uhai, na mahali pengine katika Biblia lina maana ya koo. Siku zile tuliliandika neno hilo daftarini kwa ajili ya mtihani. Usiku ule tulilisoma kwa aibu. Ukimfungia mtu maji, umemshika koo.

Mpaka wa pili uko katika mstari wa 10 na wa 11. Anayedai asiingie ndani ya nyumba ya mdaiwa kujichukulia rehani. Asimame nje angoje, na mwenye nyumba mwenyewe aitoe. Maana yake ni kwamba hata mwenye deni ana heshima yake. Nyumba yake ni nyumba. Si haki kumwingilia kama mwizi na kumwaibisha mbele ya watoto wake na majirani.

Mpaka wa tatu uko katika mstari wa 12 na wa 13. Ikiwa mdaiwa ni maskini, na kitu pekee alicho nacho cha kuweka rehani ni nguo yake ya kujifunika, basi arudishiwe kabla ya jua kuchwa ili apate kulala. Deni halijafutwa. Kesho litakuwa bado liko. Lakini usiku wa leo mtu huyu hatakufa kwa baridi.

Basi hili ndilo fundisho: deni ni halali, na kudai ni halali, lakini yako mambo ambayo hayashikwi kwa ajili ya deni, kwa kuwa ndiyo uhai wenyewe. Ikiwa jiwe la kusagia halishikwi, je, maji? Unga mtu aweza kuukosa siku kadhaa akaishi. Maji hawezi.

Mkumbukeni pia Hajiri katika Mwanzo sura ya 21. Alitolewa nyumbani akiwa na mkate na kiriba cha maji. Kiriba kilipokauka, alimweka mtoto chini ya kijiti akaenda kuketi mbali, asipate kumwona akifa. Mungu alipomsikia mtoto hakuuliza kwanza nani alikuwa na haki na nani alikuwa na kosa katika ugomvi wa nyumba ya Ibrahimu. Alimwonyesha mama kisima. Mambo mengine yakafuata baadaye.

Dawa ya deni ni kulipa

Sasa tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi kwamba maji hayana gharama. Mvua ni ya Mungu, lakini bomba ni la mafundi. Maji yakitoka mtoni yatakiwa kusafishwa, kutiwa klorini, kusukumwa kwa mashine zinazotumia umeme, na kufikishwa nyumbani. Wafanyakazi wa ofisi ya maji wana watoto nao wanahitaji mshahara. Wazee wetu walisema dawa ya deni ni kulipa, na Mtume Paulo katika Warumi sura ya 13 anatufundisha kumpa kila mtu haki yake. Kwa hiyo wewe uliye na mshahara mzuri, unayeosha gari lako kila asubuhi na kuinyunyizia bustani maji, kisha unakwepa bili, au unayemwita fundi usiku akuunganishie bomba la siri, usijifiche nyuma ya nyanya huyu. Unamwibia yeye. Hasara unayoleta, wengine ndio wanaoibeba.

Lakini na tuseme ukweli mwingine. Je, ni deni la wajane linalozifilisi kampuni za maji? Ripoti za wanaosimamia huduma za maji hapa Kenya zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba katika kila lita 100 zinazosafishwa na kampuni zetu, zaidi ya 40 haziingizi pesa yoyote. Mengine huvuja njiani, mengine huibwa, mengine hupita katika mita mbovu. Hapo ndipo penye hasara kubwa. Ni rahisi kumwendea mama asiye na mtetezi kwa spana, kuliko kumwendea mkubwa anayeiba maji, au kuchimba barabara na kuziba bomba linalovuja. Lakini lililo rahisi si lazima liwe la haki.

Tena, mtu akifungiwa mfereji hakomi kutumia maji. Hununua mtungi wa lita 20 kwa mwenye mkokoteni, kwa bei iliyo mara kadhaa kuliko bei ya mfereji. Pesa ambazo angelipa deni nazo kidogo kidogo sasa zaishia kwenye mitungi. Ama huenda mtoni. Huko ndiko kipindupindu kinakotungoja, nasi Wakenya twakijua, maana katika mlipuko ulioanza mwaka 2022 kiliwapata watu wengi katika kaunti nyingi. Na kipindupindu kikiingia mtaani hakiulizi nani amelipa bili na nani hajalipa.

Wenzetu wamefanya nini?

Jambo hili si letu peke yetu. Mwaka 2000 kipindupindu kilizuka katika jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, kikawapata watu zaidi ya 100,000 kabla ya kutulia. Wako walioshindwa kulipia maji ya bomba, wakarudia mito. Mwaka 2001 serikali ya nchi hiyo ikaanza mpango wa kutoa maji ya kimsingi bila malipo, lita 6,000 kwa kila nyumba kwa mwezi. Pigeni hesabu: hiyo ni mitungi 300. Katika nyumba ya watu wanane, kila mmoja apata lita 25 kwa siku. Si nyingi, lakini mtoto aweza kunywa, kuoga na kula uji. Anayetumia zaidi hulipia zaidi.

Hata hivyo shida hazikuisha. Wakazi wa Phiri, huko Soweto, waliwekewa mita za kulipia kabla, na maji ya bure yakimalizika mita hujifunga yenyewe. Walikwenda mpaka Mahakama ya Katiba, na mwaka 2009 wakashindwa. Tunalitaja hili kwa sababu mita za namna hiyo zimeanza kuonekana kwetu pia. Zina faida zake, kwa maana mtu haamki akakuta ana deni kubwa. Lakini pesa zikiisha usiku wa manane na mtoto anaharisha, hakuna hata fundi wa kusihiwa.

Huko England na Wales, sheria ya mwaka 1999 ilizikataza kampuni za maji kukata maji ya makao ya mtu kwa sababu ya deni. Katazo hilo linahusu pia hospitali na shule. Deni hubaki. Mdaiwa aweza kupelekwa mahakamani, aweza kupangiwa kulipa kidogo kidogo. Lakini mfereji hauguswi. Mnaona, wapenzi, jinsi sheria hiyo inavyofanana na ile ya Musa? Dai, lakini liache jiwe la kusagia.

Na huko Marekani, mji wa Detroit ulitangaza kufilisika mwaka 2013, na mwaka 2014 ukakata maji ya maelfu ya nyumba zilizokuwa na deni. Baadhi ya wachungaji walisimama barabarani pamoja na wananchi kuyazuia malori ya wakataji, wakakamatwa na polisi. Ulipokuja ugonjwa wa korona mwaka 2020, mji uo huo ulianza kuwarudishia watu maji, kwa kuwa haiwezekani kumwambia mtu anawe mikono na mfereji wake umefungwa. Ilibidi tauni ije ndipo jambo hilo lieleweke.

Na sisi Kenya? Tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kutangaza kwamba maji safi ni haki ya kila mwanadamu. Nchi 122 zilikubali, hakuna iliyopinga, na nchi 41 zilijizuia kupiga kura. Kenya ilikuwa miongoni mwa hizo 41. Lakini haukupita hata mwezi mmoja. Tarehe 27 Agosti mwaka uo huo tukaizindua Katiba yetu mpya, nayo katika kifungu cha 43 inasema wazi kwamba kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Kifungu cha 21 kinawaagiza watumishi wote wa umma kuyashughulikia mahitaji ya wanyonge, wakiwamo wazee, watoto na walemavu. Kwa hiyo nyanya yule hakuwa anaomba fadhili tu. Alikuwa na haki, ila hakujua, nasi tuliopasa kujua hatukumwambia.

Kamati ya Umoja wa Mataifa inayoangalia haki za kiuchumi na za kijamii ilieleza jambo hili vizuri mwaka 2002. Kabla ya kumkatia mtu maji, aarifiwe mapema, asikilizwe, na apewe nafasi ya kukata rufani. Ikiwa sababu ni deni, uwezo wake wa kulipa ufikiriwe. Na kwa hali yoyote asinyimwe kile kiasi kidogo cha lazima. Hayo ndiyo ulinzi tunaouombea wanyonge. Hatuombi maji ya bure kwa kila mtu. Twaomba pawe na tofauti kati ya asiyetaka kulipa na asiyeweza.

Yatupasa nini?

Turudi sasa kwa nyanya wetu. Jumatatu asubuhi tulimwita mtunza hazina, tukamweleza, naye akainama akanyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Twende tukaufungue sasa hivi, Mchungaji." Tukaenda pamoja na fundi. Fundi alipofungua, mfereji wa nyanya ukiwa bado haujaguswa, aliitazama mita akaona inazunguka. Akashangaa. Akachimba kidogo chini ya saruji, akakuta bomba limepasuka kati ya mita na chumba. Maji yalikuwa yakivuja ardhini miezi yote ile. Sehemu kubwa ya deni ilikuwa ni maji ambayo hakuna aliyeyanywa, na bomba lilikuwa letu, mali ya kanisa.

Wapenzi, tulikuwa tumemfungia maji mjane kwa deni lililokuwa letu. Mtunza hazina alimwomba msamaha mbele ya wajukuu wake. Nasi tukamwomba. Tukazitoa zile pesa za maji yaliyovuja katika hesabu yake. Tulitaka kumwondolea na zilizobaki, lakini alikataa. Alisema, "Niliyotumia nitalipa, mwanangu. Msinifanye mwombaji." Kila Jumapili baada ya ibada alifungua fundo la leso yake akatoa shilingi chache, mpaka deni likaisha. Hakuna aliyepata hasara.

Kutokana na hayo tulijifunza mambo machache, nasi twawapeni kama tulivyoyapata.

Wewe unayedaiwa, usijifiche. Nenda ofisini kabla fundi hajaja. Eleza hali yako, omba kulipa kidogo kidogo, na uombe makubaliano hayo yaandikwe. Kama bili imepanda ghafula, funga mifereji yote uitazame mita. Ikiendelea kuzunguka, kuna mahali panapovuja. Weka risiti zako zote. Na kama nyumbani kuna mtoto mchanga, mgonjwa au mlemavu, sema. Si aibu. Nenda na barua ya daktari, au ya chifu, au ya mchungaji wako.

Wewe mwenye nyumba za kupangisha, sikiliza. Wako wanaofunga maji ili mpangaji alipe kodi ya nyumba. Hilo ni jiwe la kusagia kabisa. Tena fahamu kwamba ada za maji nchini mwetu hupangwa kwa ngazi. Anayetumia maji machache hulipa bei nafuu kwa kila lita, na anayetumia mengi hulipa zaidi. Nyumba kumi zikitegemea mita moja, huenda matumizi yao yakahesabiwa pamoja, na maskini akajikuta analipa bei ya tajiri. Ikiwezekana, omba kila nyumba iwe na mita yake kutoka ofisi ya maji.

Wewe unayefanya kazi katika ofisi ya maji, twajua unatumwa. Lakini kabla ya kuinua spana, bisha hodi. Uliza, "Nani anakaa hapa?" Ukikuta mgonjwa au mtoto mchanga, rudi umwambie mkubwa wako ulichokiona. Yohana Mbatizaji hakuwaambia watoza ushuru waache kazi yao. Aliwaambia wasipite kiasi walichoamriwa.

Nasi kanisa je? Twaweza kuwa na mfuko mdogo wa maji katika kila kanisa, haba na haba hujaza kibaba, Umoja wa Akina Mama wakitusaidia kujua ni nyumba gani ina shida. Na tusiishie hapo. Huduma za maji sasa ziko chini ya kaunti, na ada zikitaka kupandishwa wananchi lazima waulizwe maoni yao. Mikutano hiyo huitishwa, nasi hatuendi. Twende. Tukaombe yaandikwe katika kanuni kwamba nyumba yenye mtoto mchanga, mzee asiyejiweza, mgonjwa au mlemavu haitakatiwa maji yote kwa sababu ya deni. Amosi na Isaya hawakungoja wajane waje hekaluni kuomba.

Tulipokuwa watoto katika shule ya Jumapili tulifundishwa kwamba Bwana Yesu hasahau hata kikombe kimoja cha maji ya baridi atakachopewa mdogo. Jambo hilo latufariji sana, sisi wenye kutoa kidogo. Lakini lina upande mwingine. Asiyesahau kikombe kilichotolewa, je, atasahau mfereji uliofungwa? Yeye mwenyewe pale msalabani alisema ana kiu. Alipokuwa akifa alijua koo kavu ni nini.

Birika la ubatizo la kanisa lile lingali pale. Kila tunapobatiza, mahali popote tulipo, twalisikia swali la nyanya: maji yanayobaki, mwayamwaga wapi? Na iwe kwamba siku ile ya mwisho, Bwana akituuliza swali hilo, tutakuwa na jibu.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyempasulia Israeli mwamba jangwani na kumwonyesha Hajiri kisima, utusamehe sisi tuliofunga ulichokifungua. Wakumbuke leo wote ambao mifereji yao imekauka kwa sababu ya deni, wajane, wagonjwa, na watoto wasioweza kujisemea. Wape wenye mamlaka hekima ya kudai kwa haki na kuhurumia kwa haki. Utupe sisi sote macho ya kuona, na miguu ya kwenda kutazama kabla ya kutia sahihi. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.